Lenzi Niliyoikataa

Jumatatu, 18 Juni

Mvua siku ya nne mfululizo. Kipimo cha unyevu sebuleni kinasoma themanini na moja. Lenzi zangu kumi na nne zimo kabatini, kabati limefungwa, taa yake ya kijani inawaka. Salama.

Leo ni siku ya thelathini na moja tangu Ushiyama Teizo afariki. Sitaandika habari za huzuni. Shajara si kitambaa cha kufutia kamasi. Nitaandika habari za lenzi.

Mambo yenyewe ni haya. Siku ya arobaini na tisa ikifika, jamaa wa marehemu huwagawia marafiki vitu vyake vya ukumbusho. Huyu hupewa saa, yule kalamu. Teizo ameacha lenzi arobaini na moja. Zote za zamani, zote za kuzungushwa pete kwa mkono mpaka picha iwe kali, kama kanuni za chama chetu cha wapiga picha zinavyotaka. Arobaini sizitaki. Nataka moja.

Milimita hamsini na tano, ya mwaka 1968. Ilitengenezwa hapa hapa Okaya, katika kiwanda chetu cha kando ya ziwa, ambacho sasa ni duka la dawa. Teizo alikuwa msaga vioo. Mimi nilikuwa mkaguzi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkali kama wembe. Lenzi ile ilipofika mezani kwangu niliona ndani yake kiputo cha hewa, kidogo kuliko punje ya ufuta. Nikaandika IMEKATALIWA. Nikapiga muhuri. Vitu vilivyokataliwa viliuzwa langoni kwa wafanyakazi, kwa bei ya chakula cha mchana. Teizo akainunua siku ile ile, akashinda na njaa, na picha ya kwanza akanipiga mimi, mdomo umejaa wali.

Ameitumia miaka hamsini. Kiputo hakionekani katika picha hata moja. Najua. Nimekitafuta kwa miaka hamsini.

Naitaka lenzi ile. Haya, nimeandika. Lakini kuomba mali ya maiti ni tabia ya tai, nami si tai. Kwa hiyo nitatumia akili.

Jumanne, 19 Juni

Kikao cha chama, dukani kwa Bi Hanaoka, muuza tambi za soba. Tulikuwa wanne, sasa watatu: Bi Hanaoka, mimi, na mwenyekiti wetu Iwanami, daktari wa meno mstaafu. Iwanami ana makabati manne ya kukaushia lenzi. Hukagua lenzi kwa tochi yake ya zamani ya kazini. Akiinama juu ya kioo, mtu hujikuta amefumbua mdomo.

Bi Hanaoka bado humimina chai katika kikombe cha Teizo. Hakuna anayesema neno. Mwisho wa kikao huinywa mimi, ili isipotee bure.

Iwanami akauliza, kana kwamba anauliza habari za hali ya hewa, ile ya hamsini na tano itakwenda kwa nani. Akanitazama. Nikaona hila yake mara moja. Huyu anaitaka!

Nikajibu kwa utulivu kwamba nimesikia imeingia kuvu.

Loo! Kuvu kwa watu wa lenzi ni kama ukoma kwa watu wa kale. Huota ndani ya kioo kama nyuzi za buibui, na inasemekana huhama kutoka lenzi hadi lenzi. Bi Hanaoka akaivuta lenzi yake mbali na yangu, ingawa yangu haikuwa na kosa lolote. Iwanami akataka kujua nani ameiona hiyo kuvu. Nikasema nimeiona kwa macho yangu.

Akauliza kama ni macho haya haya yaliyoikataa mwaka sitini na nane.

Bi Hanaoka akacheka mpaka akaegemea mlango. Akasema, “Mzee Miyasaka, wewe hata peponi utakuta mawingu yana kasoro.” Nikamaliza tambi zangu kwa heshima.

Hata hivyo mbegu imepandwa. Mpango wa kwanza umefaulu.

Alhamisi, 21 Juni

Nimekwenda kumtembelea shemeji Sumie, mjane wa Teizo. Nilibeba mfuko wa aprikoti, zimeiva vizuri, si ghali wala si rahisi. Nafika mbele ya madhabahu ya nyumbani, naona nini? Tikiti! Tikiti la kijani ndani ya sanduku la mbao, na utepe juu. Kadi: Iwanami. Aprikoti zangu ziliwekwa kando yake, zikaonekana kama watu waliokuja kuomba kazi.

Niliwasha ubani. Picha ya Teizo iliyopo pale nilimpiga mimi, mwaka juzi, kando ya ziwa. Imekosa ukali kidogo. Jicho la kushoto halikukaa sawa. Watu mia moja wamepiga magoti mbele yake tangu mazishi na hakuna aliyesema. Yeye angesema.

Sumie akaleta chai. Akaniuliza bila kuzunguka: “Shemeji, katika vitu vyake, kuna kimoja ungependa kukipata?”

Nikasema hata kidogo. Akauliza tena. Nikasema hata kidogo, hata kidogo, mimi nina vitu vingi mno nyumbani. Akasema basi, kwa vyovyote Teizo ameacha bahasha, na juu yake ameandika ifunguliwe siku ya arobaini na tisa. Sikulitilia maanani jambo hilo. Bahasha za wazee huwa na mambo ya benki.

Nilijitolea kuja Jumamosi kuzikagua lenzi zote kabla ya mgao. Akashukuru sana. Akasema ni nani azijuaye lenzi kuliko mimi. Ni kweli.

Jumamosi, 23 Juni

Miguu imenipeleka ziwani alfajiri kabla sijaiuliza. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Benchi lilikuwa limelowa. Nikafungua mfuko nikakuta nimefunga matonge mawili ya wali, langu la samaki na lake la tunda lile chachu la chumvi alilolipenda. Mimi silipendi. Nikala yote mawili. Nimeshiba vibaya.

Korongo mmoja alisimama majini. Nilianza kuzungusha pete ya lenzi taratibu. Kawaida, hapo ndipo Teizo husema, “Eikichi, ndege atastaafu.” Leo hakuna aliyesema, nami nikapata nafasi ya kulenga vizuri. Korongo akaruka.

Saa nne kwa Sumie. Nikakagua lenzi arobaini na moja, kila moja kwa kitambaa na dirisha. Ile ya hamsini na tano niliiacha mwisho. Imechakaa rangi pale kidole chake cha gumba kilipokaa. Niliielekeza kwenye mwanga. Kiputo kipo. Miaka hamsini hakijasogea hata unywele. Pete inazunguka kama mafuta ndani ya asali. Sijui niliishika kwa muda gani.

Sumie akaingia na chai, akaona ninavyoitazama. Akauliza ile nukta ndani ya kioo ni nini.

Sasa, mtu mwingine angeropoka ukweli. Mimi nikasema, kwa sauti ya kitabibu: kuvu.

Nikaeleza kwamba huambukiza. Kwamba isilale pamoja na nyingine. Tukaitia katika mfuko wa plastiki, tukaufunga, tukauweka barazani karibu na ndoo. Akauliza kama haiponi. Nikasema kwa bahati mbaya haiponi. Akaugusa mfuko kwa vidole viwili. Akasema maskini, alikwenda nayo hospitali, akawapiga picha wauguzi wote, mpaka yule mkali wa zamu ya asubuhi.

Nikasema hospitali zina unyevu mwingi.

Mpango wa pili umekamilika. Siku ya mgao nani atachagua lenzi mgonjwa? Watainamisha macho. Ndipo mimi nitasimama, uso wa huzuni, na kusema: basi, niondoleeni mzigo huu, nitautunza. Nitapewa bila kuomba. Safi kabisa.

Jumatatu, 25 Juni

Maafa yananyemelea! Iwanami amepiga simu. Amefikiri sana, anasema. Haifai lenzi ya Teizo ife kwa kuvu wakati yeye ana vifaa vya meno, ndoano ndogo, vioo, dawa za kusafishia. Ataifungua mwenyewe, bila malipo, kwa ajili ya marehemu. Atakwenda kwa Sumie Jumatano jioni.

Ataifungua! Hatakuta kuvu hata chembe. Atakuta kiputo changu na uongo wangu, vyote viwili mahali pamoja.

Nilikaa dakika kumi. Kisha nikampigia Sumie. Nikamwambia nimesoma zaidi, na kuvu ile ni ya aina mbaya mno. Mtu asiifungue, hata awe daktari, hata awe daktari wa meno. Afadhali itoke nyumbani mwake kabisa, na itoke mapema.

Yaani itoke ije kwangu. Hilo sikulitamka. Mtu mwenye adabu hamalizi sentensi ya namna hiyo, humwachia mwenzake aimalize.

Sumie akasema, “Nimeelewa, shemeji. Asante kwa kunifikiria.”

Ameelewa! Huyu mama ana akili. Nadhani ataileta mwenyewe kesho au keshokutwa. Nimeondoa lenzi moja kabatini ili kuiandalia nafasi.

Jumatano, 27 Juni

Mvua imekatika. Siku ya takataka zisizoungua, ambayo huja mara moja tu kwa mwezi. Nilitoa birika langu lililotoboka. Nilikuwa wa pili kufika kituo cha takataka cha mtaa. Mfuko wa kwanza ulikuwa wa Sumie, jina lake juu yake kwa mwandiko mzuri, si kama wa jirani zetu wengine wanaoandika kama kuku. Ndani: balbu mbili, mwavuli uliovunjika, na kitu kidogo kilichofungwa kwa gazeti, mara tatu, na uzi. Ndivyo itakiwavyo. Kila mtu angefunga hivyo, mji huu ungekuwa na nidhamu.

Nikaliweka birika langu juu yake, lisianguke.

Nilishinda nyumbani nikimngoja. Hakuja. Labda kesho.

Alhamisi, 28 Juni

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa tatu nilikwenda kwa Sumie, nikajifanya napita. Barazani palikuwa na ndoo. Mfuko haukuwapo. Nikauliza habari za mvua. Nikauliza habari za binti yake aliyeko Nagoya. Mwishowe nikauliza, ile mgonjwa iko wapi.

Akasema amefanya kama nilivyomwambia. Imetoka nyumbani, na mapema. Ameifunga mara tatu kwa gazeti ili wabebaji wasidhurike. Kabla ya kuifunga aliiomba radhi.

Sikumbuki nilivyoaga. Nilikimbia mpaka kituoni, miaka sabini na mitatu hii, suruali imelowa hadi magotini. Palikuwa pamefagiliwa. Nikapanda basi mpaka kituo cha kuchambulia takataka, nyuma ya kilima. Kijana mwenye kofia ngumu alinipokea kwa heshima nyingi, akanipa kiti, akanipa fomu. Jina la kitu: lenzi. Rangi: nyeusi. Ukubwa: kama chungwa dogo. Sababu ya kutupwa.

Nilikaa na mstari huo muda mrefu. Nikaandika: kasoro.

Kijana akaenda kuulizia, akarudi ameshika kofia mkononi. Akasema mzigo wa jana ulipita kwenye mashine ya kusaga saa nane mchana. Akauliza kama kilikuwa kitu cha thamani. Nikasema la, kilikuwa kitu kilichokataliwa. Akasema, “Pole, babu.” Akanifungulia mlango wa basi kwa mkono wake.

Kwa hiyo mambo ni hivi. Nimeikataa mara mbili. Mara ya kwanza kwa muhuri, mara ya pili kwa birika.

Jumapili, 1 Julai

Shughuli ya siku ya arobaini na tisa, imewahishwa siku chache ili iangukie Jumapili. Mtawa alisoma kwa dakika arobaini. Miguu ikafa ganzi, nikasimama kwa kumshika Iwanami begani. Hakusema neno la kejeli. Hilo lilinitia wasiwasi.

Baada ya chakula lenzi zilipangwa kwenye kitambaa cheupe. Arobaini. Nilizihesabu, kana kwamba nyingine ingezaliwa.

Sumie akafungua bahasha. Haikuwa na mambo ya benki.

Akasoma kwa sauti. Teizo aliandika kama alivyosema, bila mapambo. Iwanami achukue ile ya mia na thelathini na tano, ni ndefu, itamwezesha kuona meno ya watu bila wao kujua. Watu wakacheka. Bi Hanaoka achukue ile pana, ili bakuli zake za soba zionekane kubwa kuliko zilivyo. Wakacheka tena, na Bi Hanaoka akacheka huku machozi yanamtoka, akasema hata maiti bado anamdai tambi.

Kisha Sumie akasita. Akaisoma polepole.

“Miyasaka Eikichi. Ile ya hamsini na tano aliyoikataa mwenyewe. Ameitamani miaka hamsini na hataiomba, namjua. Mpeni kabla hajafanya ujinga. Aikague tena.”

Hakuna aliyecheka.

Sumie akaweka karatasi chini. Akaja mbele yangu akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akasema nimsamehe. Laiti angefungua bahasha mapema! Lakini nilimwambia inaambukiza, naye alidhani ananiokoa mimi na wengine. Akasema, “Zawadi yako, shemeji, nimeitupa mimi mwenyewe.”

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na maneno yote, yamepangwa sawasawa, kiima na kiarifu. Haikuwa na kuvu. Nilisema uongo. Nilitaka nipewe bila kuomba.

Nikasema, “Usijali, shemeji. Vitu vya zamani ndivyo vilivyo.”

Akanipa kilichobaki: sanduku la karatasi la mwaka 1968 na mfuniko wa lenzi. Ndani ya sanduku imo ile hati yangu ya ukaguzi. IMEKATALIWA. Muhuri wangu mwekundu, haujapauka hata kidogo. Chini yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa Teizo akiwa kijana: Ahsante, mkaguzi.

Nilirudi kwa miguu. Mfuniko umo mfukoni. Nimeujaribu kwenye lenzi zangu zote kumi na nne. Hauingii hata moja.

Jumanne, 3 Julai

Kikao cha chama. Bi Hanaoka hakumimina chai ya Teizo. Siku arobaini na tisa zimekwisha, marehemu amekwenda aendako. Amekiosha kikombe, amekiinamisha rafuni. Nilikitazama jioni nzima. Nilikuwa nimezoea kunywa vikombe viwili.

Iwanami akasema, bila tochi, bila ile sauti yake ya kiti cha meno, kwamba hakuwahi kuitaka lenzi ile. Aliniuliza habari zake mbele ya watu ili nipate mlango wa kusema naitaka. Akasema, “Nilikufungulia mlango wazi, Miyasaka. Wewe ukapitia dirishani.”

Bi Hanaoka akasema kila mtu alijua. Teizo alisema kila mwaka mpya, akilewa kidogo: Eikichi akiniomba tu, nampa siku hiyo hiyo, hata kabla hajafunga mdomo. Miaka hamsini alingoja aombwe.

Niliuliza kwa nini hakunipa tu.

Bi Hanaoka akanijibu kwa swali, kwa nini sikuomba tu. Kisha akanisogezea kamba wa kukaanga kutoka katika sahani yake. Huyu ni mwanamke anayehesabu hata vijiti vya kulia. Nikajua hali yangu ni mbaya.

Iwanami hakuuliza kuhusu kuvu. Daktari wa meno hujua mtu anapodanganya kuhusu kupiga mswaki. Haulizi. Hutazama tu.

Alhamisi, 5 Julai

Mvua imerudi. Nilikwenda kumrudishia Sumie kitambaa alichofungia sanduku. Nilimkuta anasafisha stoo ya chini ya ngazi. Anakohoa. Amekohoa tangu majira haya ya mvua yaanze, anasema, ni vumbi tu. Binti yake anataka nyumba ipunguzwe vitu kabla ya msimu wa joto.

Stoo ilikuwa na makopo ya biskuti ya bati, ishirini na sita. Akafungua moja. Harufu ya siki ikatoka. Filamu! Filamu zote alizopiga Teizo, miaka hamsini, kila mkanda ndani ya bahasha ya karatasi, na kila bahasha ina maelezo kwa mwandiko wake. Nikasoma chache.

Eikichi, bado hajapiga. Machi 1974.

Eikichi, bado hajapiga. Theluji. 1983.

Eikichi, ndege amekwisha kuondoka. 1991.

Nilidhani muda ule wote alikuwa anapiga picha za ndege.

Nikainua mkanda mmoja dirishani. Katika filamu nyeusi huwa nyeupe. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, nimeinama juu ya kamera, na nywele zangu zilikuwa nyeupe pepe kama sasa. Nikatafuta mkanda wa mwisho wa ziwani, wa mwaka jana. Mtu yule yule, benchi lile lile, anazungusha pete. Nywele nyeusi tititi, kama kijana.

Zote zimepigwa kwa ile ya hamsini na tano. Hakuna kiputo popote.

Sumie alinitazama nikitazama. Akasema hakuna mtu wa kuziangalia tena, binti yake hana habari nazo. Akauliza, “Shemeji, ungependa kuzichukua?”

Nikafumbua mdomo. Nikajisikia nikisema, “Hapana, hapana. Za nini?”

Akangoja. Naapa alingoja. Mvua ilisikika juu ya vigae. Mimi nilikagua kingo za mkeka. Zimeshonwa vizuri. Akafunga kopo.

Sijui kwa nini. Mdomo una mazoea yake. Lakini nilipofika langoni akili ilinirudia, nikageuka. Nikamwambia kwamba, kusema kweli, nilinyamaza kwa heshima tu, lakini harufu ile ya siki ni hatari. Filamu ikizeeka hutoa hewa mbaya. Hukamata kifua. Haifai kukaa nyumba moja na mtu anayekohoa, hata siku mbili.

Akashtuka. Akafungua madirisha yote pamoja na mvua. Akanishukuru mara tatu. Akasema bila mimi asingejua la kufanya, nami siku zote nawaza afya yake. Akaahidi hazitalala humo. Ataziondoa mara moja.

Ndivyo hasa nilivyotaka! Keshokutwa, Jumamosi, nitapita pale na mkokoteni, kama kwa bahati. Nitayakuta makopo barazani. Nitasema: loo, shemeji, niachie mimi nikuondolee mzigo huu. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyeaibika. Nimetoa lenzi tano kabatini ili nafasi itoshe. Nitaanza na mwaka 1968, niende taratibu, mkanda mmoja kila Jumamosi asubuhi. Zitanitosha mpaka nife.

Na asije mtu akasema kwamba Miyasaka hajifunzi kutokana na makosa. Safari hii nimeitazama kalenda ya takataka ukutani, kwa kioo cha kukuzia, mara mbili. Makopo ni ya bati, na bati halichukuliwi mpaka tarehe ishirini na tano. Kesho Ijumaa ni vitu vinavyoungua tu, makaratasi, bahasha na kadhalika.

Nitalala vizuri.